Uzoefu wangu: miezi minne na omega-3 kwa ajili ya "mishipa"

Nina sukari aina ya pili, mwaka wa tisa huu, natumia metformin asubuhi na jioni. Mwaka jana nikaanza ganzi miguuni, siku moja natoka sokoni nimefika mpaka getini ndo mtoto ananiuliza mama ndala nyingine iko wapi, kuangalia chini kweli mguu mmoja mtupu, imenivuka huko njiani na sijasikia chochote. Nililia siku hiyo.

Nikaelekezwa kwa dada mmoja anauza virutubisho, akanambia hiyo mishipa imeziba, meza omega-3, yale mafuta ya samaki, miezi mitatu inazibuka. Kopo elfu 75, nikanunua manne. Ni vidonge laini vya rangi ya dhahabu, ukibeua unasikia dagaa mpaka jioni, ila ukimeza katikati ya chakula inapungua. Akataka pia niache dawa ya kolesto, hapo namshukuru Mungu niligoma.

Majibu sasa. Kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kilikuwa asilimia 8.4 kikaja 8.3, presha ile ile, ganzi ile ile. Triglisaraidi, aina ya mafuta kwenye damu, ilishuka kidogo, basi.

Kliniki daktari hakunigombeza. Alinambia kuna utafiti wa Uingereza unaitwa ASCEND, majibu yalitoka 2018, watu wenye sukari zaidi ya 15,000, wengine wakapewa omega-3 gramu 1 kila siku wengine mafuta ya zeituni, miaka kama saba, na shambulio la moyo na kiharusi havikupishana cha maana. Niliumia jamani, laki tatu ile!

Halafu akaniambia nifumbe macho, akachukua kauzi ka nailoni kagumu kama mshipi wa kuvulia akawa ananigusa nako nyayoni, niseme nikisikia. Sehemu 10 nilisikia 4. Ndo akanieleza mishipa inayonisumbua ni ya fahamu, siyo ya damu. Sisi tunasema mishipa tu, zote kapu moja, na yule muuzaji alipita hapo hapo. Kumbe metformin ya muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12 na B12 ikishuka ganzi inakuja, kupimwa kweli iko chini, nikaanzishiwa sindano. Mwenye ganzi na yuko kwenye metformin miaka mingi, naomba sana uulizie hicho kipimo kabla ya kopo lolote.

Huu mwezi wa tano wa sindano, sasa nasikia sehemu 7. Haijaisha, sukari yenyewe nayo imechangia, na siku hizi sitoki na ndala, navaa viatu vya mkanda.