Kumwona Tulus akiimba Prambanan: uzoefu wangu kama mpenzi wa pop ya Indonesia

Kama unasikiliza pop ya Indonesia kwenye simu tu, fanya kila njia uende ukaisikie jukwaani. Nimerudi Muscat nikitokea Prambanan Jazz, tamasha la kila mwaka linalofanyika kando ya hekalu la kale la Kihindu la Prambanan, nje kidogo ya mji wa Yogyakarta, kisiwa cha Java, na ninalotaka kuwaambia wapenzi wenzangu ni kwamba muziki ule kwenye rekodi umepungukiwa na kitu kikubwa: sauti ya watu waliokuja kuusikiliza. Kule hadhira haisubiri kualikwa. Inaimba tangu ubeti wa kwanza, na inaimba vizuri.

Jina la tamasha lisikukimbize. Wapiga jazz wapo, lakini tangu lianze mwaka 2015 wanaojaza uwanja ni waimbaji wa pop, tena pop ile ya mapenzi na maneno mazito ambayo Waindonesia wanaijua kwa moyo. Mimi nilimfuata mwimbaji Tulus. Nilianza kumsikia jikoni, katika hoteli moja hapa Muscat ambako nilifanya kazi na dada mmoja wa Surabaya, mji wa Java. Alikuwa akiweka nyimbo zake kila zamu ya asubuhi, na kwa kuwa Ghuba nzima imejaa Waindonesia, haikuchukua muda nikapata watu wa kunifafanulia mashairi. Tulus alizaliwa Bukittinggi, Sumatra Magharibi, mwaka 1987, akasomea usanifu wa majengo chuo kikuu cha Parahyangan, Bandung, kisha akatoa albamu yake ya kwanza mwaka 2011 bila kampuni kubwa ya muziki nyuma yake. Kaka yake ndiye meneja wake. Zimefuata Gajah mwaka 2014, Monokrom mwaka 2016 na Manusia mwaka 2022. Albamu nne kati ya mwaka 2011 na 2022. Haraka si yake, na nadhani ndiyo maana hana wimbo wa kujazia.

Sasa tiketi, maana hapo ndipo mgeni anapokwama. Tovuti nyingi zinazouza tiketi Indonesia zimetengenezwa kwa mwenyeji. Utaombwa namba ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 16, namba ya simu inayoanza na +62, na malipo kupitia benki za kule au pochi za simu kama GoPay na OVO. Kuna fomu inayokupa nafasi ya kuandika namba ya pasipoti, na kuna nyingine inayokataa herufi kabisa. Kadi yangu ya benki ilikataliwa kila nilipojaribu. Aliyeniokoa ni mdogo wake yule dada wa Surabaya: alilipa yeye, nami nikamrudishia. Usipokuwa na mtu wa namna hiyo, kuna Waindonesia wanaofanya kazi ya kuwanunulia watu tiketi kwa ujira, na wengi ni waaminifu, ila mtafute aliyethibitishwa na watu unaowafahamu. Tiketi zinazotangazwa na wasiojulikana mitandaoni saa chache kabla ya onyesho ziache. Walanguzi wako kila mahali, na kwa mtu aliyesafiri maelfu ya kilomita hasara yake ni kubwa mno.

Jambo jingine la kukumbuka: tiketi uliyotumiwa kwenye simu mara nyingi sicho kinachokuingiza. Unaibadilisha kwa utepe wa mkononi kwenye banda maalumu, na hapo wanataka kitambulisho cha aliyenunua. Kama alikununulia mtu mwingine, chukua kwake barua yenye saini ya kukupa idhini pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Mimi nilikuwa navyo vyote kwenye bahasha, na msichana wa banda aliviangalia, akatabasamu, akanifunga utepe. "Silakan, Mbak." Yaani, karibu, dada. Kwa Wajava mwanamke wa rika langu huitwa Mbak na mwanamume Mas, na ukiwaita wenyeji hivyo wanakuchukua kama jamaa mara moja.

Kufika ni rahisi kuliko unavyodhani. Uwanja mpya wa ndege wa Yogyakarta uko mbali, upande wa Kulon Progo, lakini treni ya uwanja wa ndege inakuleta hadi stesheni ya Tugu katikati ya mji. Kutoka Tugu unapanda treni ya umeme ya Yogyakarta kwenda Solo na kushuka stesheni ya Brambanan. Ndiyo, stesheni inaandikwa kwa B na hekalu kwa P, usije ukadhani umepotea. Nauli ni rupia 8,000, pesa ya kikombe cha chai. Kutoka stesheni hadi lango unaweza kutembea au kuchukua bodaboda kwa programu za simu za Gojek au Grab.

Nilifika mapema kusudi, ili nilione hekalu kabla ya giza. Prambanan lilijengwa karne ya 9 na Wahindu wa Java, na mnara wake wa kati, ule wa Shiva, una urefu wa mita 47. Tetemeko la mwaka 2006 liliuharibu sehemu, ukatengenezwa. Jukwaa huwekwa mbali na ua wa ndani, kwa hiyo hutapanda mahekalu usiku, lakini unaimbiwa huku minara ikiwa imewashiwa taa mbele ya macho yako. Nimeona picha nyingi za mandhari ile, na hakuna hata moja iliyonitayarisha.

Na hewa ya pale inanukia karafuu! Mtu wa Unguja au Pemba atageuka kutafuta mkeka wa karafuu umeanikwa wapi. Ni kreteki, sigara za kienyeji zinazochanganywa tumbaku na karafuu, na wanaume wa Java wanazivuta sana. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia. Ikaletwa Zanzibar karne ya 19, na baadaye viwanda vya kreteki vya Java vikawa vinainunua kutoka kwetu. Bibi yangu alichuma karafuu maisha yake yote. Kusimama katikati ya umati wa wageni na kunusa kitu kile kile kulinigusa moyo, ingawa moshi wenyewe siupendi, na anayesumbuliwa na pumu ajipange mbali kidogo na vikundi vya vijana.

Jua lilipozama muziki ulinyamaza. Katika matamasha mengi ya Java huwa hivyo: magharibi ikiingia, jukwaa linasimama na watu wanakwenda kuswali. Palikuwa na sehemu ya swala, maji ya kutawadha na kanga zao nyeupe za kuswalia kwa wanawake. Adhana ilisikika kutoka misikiti ya vijiji vya jirani, nyuma ya mahekalu ya Kihindu, na hakuna aliyeona ajabu. Nilifurahi sana kwamba sikulazimika kuchagua kati ya swala yangu na nafasi yangu mbele, kwa sababu jirani zangu niliowakuta wamekaa chini walinishikia mahali, nami nikawashikia wao zamu yao ilipofika.

Kukaa chini nako ni desturi nzuri. Wenye tiketi za kusimama huketi kwenye nyasi kati ya msanii na msanii, wanakula bakso, yaani mipira ya nyama kwenye supu, na sate, yaani mishikaki, wanakunywa chai baridi ya sukari, na wa nyuma wanaona. Msanii akipanda, wote wananyanyuka. Sikusukumwa hata mara moja. Wanawake wengi walikuwa wamevaa hijabu, wengine na watoto, wengine na mama zao. Nilikuwa peke yangu, na sikupata hofu wakati wowote.

Kahitna walipanda kabla ya mtu wangu. Bendi hiyo iliundwa Bandung mwaka 1986 na mpiga kinanda Yovie Widianto, na nilikuwa nawajua kidogo tu. Akina mama wa miaka hamsini waliokuwa kando yangu waliwajua mno. Waliimba wakiwa wamefumba macho, na mabinti zao wakaimba nao neno kwa neno. Siku hizi nawasikiliza kila jioni.

Kisha Tulus. Anaingia taratibu, mtu mrefu mwenye mwili, suti pana, hana mbwembwe. Sauti yake ni ileile ya kwenye rekodi, nzito ya chini na laini kwa juu, ila jukwaani utagundua anavyoiminya. Hapigi kelele hata pale ambapo mwimbaji mwingine angepiga. Nafasi anayoiacha ndiyo hadhira inayoijaza. Kwenye Gajah, wimbo unaohusu jina la tembo alilotaniwa utotoni kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake, aliimba kiitikio mara moja tu, akashusha kipaza sauti. Watu wakaendelea bila yeye, wanaume kwa wanawake, kijana mnene mbele yangu akiimba kwa nguvu zake zote na rafiki zake wamemkumbatia mabegani. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule kwa miaka na sikuwahi kuujua mpaka nilipomwona yule kijana.

Monokrom ulinitoa machozi. Ni wimbo wa shukrani kwa waliomlea, umejaa picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe na harufu ya nyumbani, na wengi pale walikuwa wamekuja na wazazi wao. Bendi ilipunguza vyombo hadi kikabaki kinanda na watu.

Na Hati-Hati di Jalan, uliovuma mno mwaka 2022, sijui niueleze vipi. Wapenzi wawili waliodhani wamefanana kwa kila kitu wanaachana, na mmoja anamtakia mwenzake safari njema. Nilifikiri watu wangeshika simu juu kurekodi. Wachache walirekodi. Wengi walishikana mikono na kuimba tangu neno la kwanza hadi la mwisho, sauti ya Tulus ikizama kabisa ndani ya sauti zao, na yeye akaonekana kuridhika kuzama. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kuliko yote: jifunze mashairi kabla hujaenda. Andika nyimbo tano au sita kwenye daftari, uzikariri kama ulivyokariri kasida za madrasa. Kiindonesia kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mdomo wa Mswahili hauna shida nacho. Mgeni asiyejua maneno atafurahia onyesho, ila atakuwa mtazamaji.

Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri tiketi za bei ya juu zenye viti. Niliwaangalia wa kwenye viti: wanaona vizuri, wanapumzika, na wanaimba kwa kujizuia. Wimbo unapikwa huku nyuma, kwenye nyasi. Kama una mzazi au miguu inauma, nunua kiti bila majuto. Kama una afya, simama.

Aliyekulia kwenye taarabu atakosa kitu kimoja, kumtunza mwimbaji. Kwenye pop ya Indonesia hakuna anayepanda na noti mkononi. Desturi hiyo wanayo kwenye dangdut, muziki wao wenye damu ya Kihindi, Kiarabu na Kimalay, uliopata nguvu kwa Rhoma Irama miaka ya 1970. Huko mwimbaji anatunzwa hadi noti zinaanguka chini. Nadhani mtu wa pwani yetu akisikia ngoma za dangdut hatahitaji mkalimani.

Mambo madogo ya kubeba: Julai ni kiangazi Java, mvua ni nadra, lakini usiku baridi inashuka kweli kweli. Wenyeji walikuja na majaketi. Chukua sweta, na viatu vya kufunika vidole. Chupa za maji huzuiwa langoni. Pesa taslimu zinafaa kwa wachuuzi wa nje. Ndani mabanda mengi yanataka ulipe kwa simu kwa kuchanganua msimbo wao wa malipo uitwao QRIS. Mambo ya viza yaulize ubalozi wao mapema. Kwa walioko nyumbani Afrika Mashariki, ubalozi huo uko Dar es Salaam na Nairobi.

Kurudi ndiko kugumu. Onyesho linakwisha usiku mwingi, treni zimelala, na maelfu wanaita gari kwenye programu kwa wakati mmoja. Dereva mmoja alinikubalia kisha akataka mara tatu ya bei iliyoandikwa. Nilimkataa kwa heshima nikatembea hadi nyumba ya wageni niliyokuwa nimepanga karibu na hekalu, na hilo nalisisitiza: lala Prambanan, usilale Malioboro, mtaa maarufu wa katikati ya Yogyakarta, hata kama kuna maduka.

Nitakwenda tena, na safari ijayo nataka kuiunganisha na ratiba ya Sheila On 7, bendi iliyozaliwa hapo hapo Yogyakarta mwaka 1996, maana kila niliyezungumza naye kwenye nyasi aliniambia kwamba sijasikia umati ukiimba mpaka niwasikie wapenzi wao. Natafuta mwenzangu wa kusafiri naye, awe Muscat, Zanzibar au kwingineko, mradi awe tayari kukariri mashairi.