Mabawa ya Bei Nafuu kwa Upinde Uliogeuzwa Nyumbani: Yapi Ununue, Yapi Uyaache

Upinde wa kapi (compound), ule wenye vigurudumu na nyaya, wa miaka ya themanini au tisini siku hizi hauna mnunuzi. Ukiishi Marekani utaukuta kwenye duka la rehani, kwenye gereji ya mtu anayehama, au kwenye kona ya klabu ukila vumbi, na mara nyingi unapewa kwa chini ya dola 50. Kapi zimechakaa na nyaya zimekatika, lakini mpini wa katikati bado mzima: ni chuma imara, dirisha la mshale limekatwa hadi kupita mstari wa kati, na matundu ya kufungia saiti (kifaa cha kulengea) yapo tayari. Ndiyo maana mafundi wa nyumbani huvua kapi, nyaya na mabawa yake mafupi (ile mikono miwili inayopinda, juu na chini ya mpini), kisha huupachika mabawa marefu ya rikavu, yale yenye ncha zilizopinda kurudi mbele. Kazi ya kuugeuza mpini haili pesa nyingi. Pesa huliwa na mabawa, hasa ukinunua kwa jina au kwa picha.

Tuweke kikomo mapema. Upinde mpya kabisa wa rikavu wa kufungua na kufunga, aina ya Sage, huuzwa kwa takriban dola 150. Kwa hiyo mabawa yakikugharimu zaidi ya hapo, huo si ubahili tena. Mimi huweka dari ya dola 120 kwa jozi, na jozi ninayoiweka namba moja hapa chini mara nyingi hupatikana kwa nusu ya hiyo.

Kabla ya kufungua pochi, pima mpini. Mabawa ya mfumo wa ILF (International Limb Fitting, namna moja ya kufunga mabawa kwenye mpini), ambao asili yake ni kampuni ya Hoyt na leo unatumiwa na watengenezaji wengi duniani, huandikwa uzito wake, yaani nguvu ya kuuvuta upinde, kwa kudhani yamefungwa kwenye mpini wa inchi 25 na kuvutwa inchi 28. Mpini wa kapi ya zamani mara nyingi ni mfupi kuliko huo. Bawa lilelile likiwekwa kwenye mpini mfupi, ncha hulazimika kupinda zaidi kwa mvuto uleule, na uzito unapanda: kadiria ratili moja, huku na huku, kwa kila inchi inayopungua. Ndiyo maana vibandiko vingi vina namba mbili, moja ya mpini wa 25 na nyingine ya mpini wa 23, na ya pili huwa kubwa kwa kama ratili mbili. Halafu ongeza urefu wa mkono wako. Kila inchi unayovuta kupita 28 huongeza ratili mbili au zaidi kidogo.

Chukua mfano wa mpini wa inchi 19 na mabawa yaliyoandikwa 30. Kwenye vidole vyako hiyo ni kama 36. Ukiwa na mikono mirefu unayevuta 29, umefika 38, na bado hatujagusa mshangao wa tatu, yaani mlalo wa kikalio, pale bawa linapokalia. Vikalio vya kapi havikuchongwa kwa ajili ya rikavu. Vikiwa vimelala sana kuelekea mbele, upinde unakuwa umekaza hata kabla hujauvuta, uzito unapanda tena na upinde unakuwa mkali mkononi. Vikilala nyuma mno, upinde unalegea na mshale unakwenda kivivu. Njia rahisi ya kujua ni kwenda klabu na mpini wako, kuuweka ubavu kwa ubavu na mpini halisi wa ILF, na kulinganisha mlalo na umbali kutoka kikalio hadi kikalio. Nusu saa ya namna hiyo inaokoa fedha kuliko punguzo lolote la dukani.

Hapo ndipo siri ya ununuzi huu ilipo. Mabawa mepesi ndiyo yanayojaa sokoni kwa bei ya kutupa, kwa sababu wanafunzi wa klabu huanza na ratili 18 au 20, wakapanda hadi 24, wakapanda hadi 28, na kila hatua wanaacha jozi nyuma. Kwa mwenye mpini wa inchi 25 jozi hizo ni za mtoto. Kwako wewe mwenye mpini wa 17 au 19, jozi ya 24 inakuwa upinde wa watu wazima wa ratili 30 hadi 32, uzito ambao watu wazima wengi wanaojifunza wanaweza kuufikia.

Najua kuna msomaji anayenicheka hapa. Wawindaji wa Kiwaata wa nyika ya Tsavo walivuta pinde zilizopita ratili mia, na mababu zetu hawakwenda klabu. Kweli, lakini walianza wangali watoto na upinde ulikua nao. Wewe umeanza ukiwa na miaka 35 na bega la kukaa ofisini.

Haya, mpangilio wangu ndio huu. Sikuupanga kwa kasi ya mshale. Nimeupanga kwa uwezekano wa jozi kukaa sawasawa kwenye mpini ambao haukutengenezwa kwa ajili yake, na kwa kiasi utakachopoteza ikikataa.

Namba moja: ILF ya mtumba, kiini cha mbao na ngozi ya faibaglasi. Nunua klabu, ana kwa ana. Bawa la ILF lina mkato wa umbo la U kitakoni unaoingia chini ya bolti, na mbele yake kipande cha chuma chenye kishikizo cha springi kinachoingia kwenye mfereji wa mpini. Mpini wa kapi tayari una bolti. Kinachokosekana ni mfereji, na fundi yeyote mwenye msumeno wa chuma na tupa nzuri anaweza kuuchonga kwenye kipande cha aluminiamu kisha kukifunga ndani ya kikalio. Bolti zenyewe hukupa nafasi ya kupunguza au kuongeza uzito kwa kama asilimia kumi, na kusawazisha bawa la juu na la chini. Kwenye upinde wa kujitengenezea, uhuru huo una thamani kuliko kaboni yoyote.

Lakini mtumba unataka macho. Mwombe muuzaji ategeshe upinde, yaani aufunge upote (uzi wa upinde), mbele yako, kisha simama nyuma na uuangalie upote huo: unapaswa kugawa mabawa yote mawili katikati toka kitakoni hadi nchani. Ukikimbilia upande mmoja, ama bawa limejinyonga ama limefungwa vibaya. Mwambie afungue na kufunga upya, na ukibaki upande uleule, rudisha pesa mfukoni. Pitisha kipande cha pamba kwenye kingo zote, kwa sababu pamba hunasa ufa ambao jicho haliuoni. Gusa mistari ya gundi kwa ukucha, ukitafuta tabaka linaloachana. Tazama namba za mfululizo kama mabawa mawili ni pacha kweli. Uliza yalihifadhiwa wapi, maana buti la gari lililoachwa juani hulegeza gundi. Na uliza kama upinde uliwahi kuachiliwa bila mshale. Jibu likichelewa, umejibiwa.

Jambo jingine kwa mabawa ya zamani sana: kama ncha zake hazikuimarishwa, tumia upote wa Dacron tu, uzi unaonyumbuka. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka hupiga ncha kwa nguvu na kuzipasua.

Namba mbili: ILF mpya ya daraja la kuanzia. Hapa nazungumzia mabawa ya mbao na faibaglasi ya WNS, ambayo ni tawi la bei nafuu la Win&Win ya Korea Kusini, au yale ya Galaxy yanayouzwa na Lancaster Archery Supply ya Pennsylvania. Kwa kawaida utalipa kati ya dola 80 na 120. Faida yake ni kwamba unachagua uzito na urefu unaoutaka badala ya kuchukua kilichobaki, na yakija yamejinyonga unayarudisha. Yaagize kutoka duka lenye utaratibu wa kurudisha unaoeleweka, na uyakague kabla hujayafunga, kwa sababu bawa lenye alama ya bolti ya nyumbani halirudishwi.

Kuhusu urefu, watu hununua mafupi kwa sababu mpini wenyewe ni mfupi, wakidhani vinaendana. Fanya kinyume. Kwa mpini wa inchi 19, mabawa mafupi hukupa upinde wa inchi 60, ya kati 62, marefu 64. Anayevuta inchi 28 atastarehe kwenye 62 au 64. Kwenye 58, yaani mpini wa 17 na mabawa mafupi, upinde hukaza ghafla mwishoni na vidole hubanwa na upote. Marefu pia hupunguza hatari ya kuyakunja bawa kupita uwezo wake. Mpini wa inchi 17 wenye mabawa marefu, inchi 62, ni upinde mzuri wa porini na wa uwanjani.

Angalia pia usiuziwe mabawa ya mfumo wa Formula wa Hoyt kwa kudhani ni ILF. Yanafanana kwenye picha, bei ya mtumba huvutia, lakini kitako chake ni kingine na hayaingii. Tangazo likisema Grand Prix, hilo ni sawa, hiyo ni ILF kwa jina la Hoyt.

Namba tatu: mabawa ya bolti ya aina ya Sage. Hayana mfereji wala springi. Yana tundu moja la bolti na vijitundu vya kuyazuia yasicheze. Yanauzwa kwa hatua za ratili tano, tangu 25 hadi 60, na bei yake iko karibu na dola 60 au 70. Kwa nini basi yako namba tatu? Kwa sababu kila kitu kinategemea usahihi wa tundu lako. Ukikosea kidogo tu kwenye kutoboa kikalio, bawa litaelekea pembeni na huna bolti ya kulirekebisha, na mlalo wa kikalio ukiwa mbaya ndivyo utakavyobaki. Kwa mwenye mashine ya kutoboa ya mezani na vikalio vilivyo bapa, jozi hii ni biashara nzuri, na nimeona pinde nzuri zilizojengwa hivyo. Kwa mwenye drili ya mkononi, aiache. Kumbuka pia kwamba uzito wa mabawa haya umeandikwa kwa mpini wake wa mbao, upinde wa jumla ya inchi 62, kwa hiyo hesabu ya mpini wa 25 niliyotoa juu haihusiki hapa.

Namba nne: kaboni na povu gumu, ya mtumba. Ni mepesi, ya haraka, hayajali unyevu kama mbao. Yakija kwa dola 100 kutoka kwa mtu unayemwamini, sawa. Lakini mabawa haya yanasema kila kosa la mpini, na mpini wako una makosa.

Namba tano ni yale yasiyo na jina, yanayokuja na seti za upinde za dola 70 mtandaoni. Uzito ulioandikwa na uzito halisi mara nyingi havijuani. Kama tayari unayo, yatumie kujaribia vikalio vyako kabla ya kuweka mabawa ya maana.

Nje ya orodha kabisa: mabawa yaleyale ya kapi yaliyofungwa upote moja kwa moja. Yalitengenezwa kupinda kidogo tu huku kapi zikifanya kazi, na mtu anayejaribu kuyavuta kama rikavu anacheza na uso wake. Na usiyavue kienyeji. Baadhi ya pinde za zamani hulegezwa kwa kuzungusha bolti zamu kwa zamu, nyingine haziruhusu. Mpelekee fundi mwenye kibano cha pinde, atakufanyia kwa dakika chache.

Wawindaji walioko Marekani waangalie sheria ya jimbo kabla ya kuchagua uzito, kwani majimbo mengi yana kima cha chini, mara nyingi ratili 35 au 40 kwa paa. Kwenye mpini wa 19 mabawa ya 34 yatakufikisha 40. Walioko Kenya hawana haja ya hesabu hiyo, uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na upinde huu ni wa shabaha tu. Na anayetaka kushindana kwenye daraja la upinde mtupu (barebow, usio na saiti) la World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, ajue kwamba upinde wake, ukiwa haujategeshwa, lazima upite kwenye pete ya sentimita 12.2. Ukono wa kuzuia nyaya, ule unaochomoza nyuma ya mipini mingi ya kapi, utakukwamisha. Ukate au uufungue.

Upote ununue mwisho, mabawa yakiwa yameshafungwa. Urefu wa upinde uliogeuzwa nyumbani hauaminiki kwa karatasi, basi funga kamba isiyonyumbuka kwanza, tegesha kwa kamba maalumu ya kutegeshea upinde na si kwa kuukanyaga mguuni, kisha urekebishe hadi umbali kati ya upote na koo la mpini uwe kama inchi 8. Vua ile kamba isiyonyumbuka, ipime ikiwa imenyooka, na hiyo ndiyo namba ya kumpa msokota upote. Ukiagiza dukani kwa urefu wa upinde, kumbuka upote wa rikavu wenyewe huwa mfupi kuliko urefu huo kwa inchi nne, na wauzaji wengine huandika namba hii, wengine ile. Uliza kabla ya kulipa.