Kituo cha treni Syokimau: nyota moja, na hiyo moja ni ya soja

Naandika hii bado nimekasirika kwa hivyo mnivumilie. Kama unataka saa za treni na nauli, ulizia dirishani. Mimi nimekuja kuongea kuhusu gari moja, Probox.

Wiki mbili tatu zimepita, siku ya kazi. Nilipaki gari kituoni kama kawaida, maana hiyo ndiyo raha ya Syokimau, unaacha gari, unaingia treni, Imara Daima, Makadara, mara uko tao na shati bado imenyooka. Wale wa Mombasa Road wanajua ninachosema. Zamani nilikuwa natoka nyumbani gizani na bado jua linanipatia Bellevue ndani ya matatu, na Expressway ipo pale juu tangu 2022 lakini ile ni ya kulipia na mshahara wangu haujapanda juu hivyo.

Sasa, kitu saa tano mwalimu anapiga simu. Mama Mumo, mtoto ana joto jingi, ametapika mara mbili, kuja umchukue. Treni zetu ni za asubuhi na jioni, kila mtu anajua, kwa hivyo nikarukia matatu, nikashuka, nikakimbia mpaka kituoni na viatu vya ofisi, na kufika hivi, gari yangu imefungiwa. Mbele yangu ukuta, kushoto gari, kulia gari, na nyuma Probox nyeupe imelazwa kiupande kama ng'ombe kwenye barabara. Kwenye kioo hakuna namba ya simu. Hendibreki iko juu. Gia imeingizwa. Soja wa watu akaja, akachungulia, akaisukuma na bega, nikaisukuma na mimi, tukaongezewa na kijana wa boda, wapi. Kuna watu wanafunga mwenzao lakini wanaacha gari bila gia ndio isukumike, huyo angalau ni binadamu. Huyu wangu alifunga akaenda zake.

Soja akasema, pole madam, huyo ni wa treni ya jioni. Jioni! Saa saba mchana hiyo.

Nikachukua boda, nikamtoa mtoto shule, kliniki, dawa, nyumbani, nikamwachia jirani, halafu nikarudi kituoni kungoja treni ya jioni kama mchumba. Nilitaka kuiona sura yake.

Ukikaa pale muda mrefu unaanza kuwaza vitu. Jina la mahali hapa ni la Syokimau, mtabiri wetu wa Ukambani, na susu wangu, yaani nyanya, alikuwa akitusimulia vile aliona nyoka mrefu akitoka maji moja kwenda maji mengine, na watu wenye ngozi kama nyama mbichi waliobeba moto mfukoni. Moto mfukoni ni viberiti. Nyoka ndio hiyo reli, ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 wakati Nairobi yenyewe ilikuwa matope na maji baridi tu, 1901 ikagusa ziwa kule Kisumu. Sasa mimi nimekaa kwenye kituo cha jina lake, kile Kibaki alikuja kufungua mwishoni mwa 2012, na swali langu ni moja, mama mzima unaona nyoka kutoka bahari mpaka ziwa, unaona mpaka kiberiti ndani ya mfuko wa mtu, na Probox hukuiona?

Basi treni ikafika, watu wakamwagika, magari yakatoka moja moja mpaka nikabaki mimi na Probox. Mwenyewe akaja wa mwisho kabisa. Anatafuna mahindi choma. Hana haraka. Nikamuuliza, hii gari ni yako? Akatoa ganda la hindi kwenye jino kwanza, halafu akanijibu, "Madam, kwani saa saba ulikuwa unarudi kufanya nini? Hapa sisi wote ni watu wa jioni."

Watu wa jioni!

Nilikuwa nimepanga maneno tangu mchana, mazuri, mengine ya Kikamba, yote yakapotea. Nikamwambia nina mtoto mgonjwa. Akasema pole sana, si ungepanda boda. NILIPANDA BODA. Ndio hiyo ilinimaliza, kwamba alikuwa anaeleza vizuri kabisa kitu ambacho nilikuwa tayari nimefanya na pesa yangu nimetoa. Akaingia, akawasha, akanipungia mkono na lile gunzi.

Kwa hivyo nyota moja. Na ni ya soja, aliyetoka jasho kwa gari isiyo yake.

Lakini sasa nikisoma nilichoandika naona kituo chenyewe sijakitaja kwa ubaya, maana hakikunifanyia kitu. Ukweli lazima usemwe, asubuhi pale ni pazuri. Kuna kina mama wa chama wanakaa behewa moja kila siku wakifuma vitambaa, kuna mhubiri anayeanza tu mkivuka Imara Daima, na ukichungulia nje unaona jamu yote ya dunia imesimama na wewe unapita. Hiyo peke yake ni nyota nne. Kama ni mgeni usichanganye tu na Nairobi Terminus ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa ya 2017, hiyo pia iko huku Syokimau, na mara kwa mara utaona mtu ameshushwa kwetu na mabegi matatu akiulizia treni ya Mombasa huku anaangalia saa.

Nne basi. Nilikuwa nimeshaiweka nne, wallahi.

Shida ni kwamba huyo mtu nakutana naye kila asubuhi. Ananisalimia! "Madam wa saa saba," ndio jina amenipa, na wale wa chama wamelishika. Mtoto alipona siku ile ile karibu, ilikuwa tumbo tu, lakini jina halijapona. Siku hizi nafika mapema zaidi ndio nipaki karibu na geti, kumaanisha usingizi wangu wa nusu saa pia uko kwa ile Probox.

Juzi nikaipata imepakiwa mahali pake, sawa kabisa, haijafunga mtu. Na kwenye kioo kuna karatasi, ameandika namba ya simu na kalamu nyeusi. Nikasema haya, huenda nilimhukumu haraka, nikasogea niisome. Tarakimu tatu za mwisho ziko nyuma ya stika ya bima.

Mbili.