Berkeley Pit, Butte Montana: lipa kiingilio uingie, ila usitegemee mandhari ya kadi ya Krismasi

Nyota nne kati ya tano. Kama uko Marekani na unakatiza Montana kwa ile barabara kuu ya I-90, chepuka hapo Butte. Unalipa dola chache, unapita kwenye handaki, unatokea kwenye jukwaa la kutazamia na hapo mdomo unabaki wazi. Shimo la shaba, wamechimba kuanzia 1955 mpaka 1982, kina zaidi ya mita 500, na sasa limejaa maji ya asidi yenye rangi ya chai iliyolala.

Usiishie kupiga selfie na sanamu ya Bikira Maria kule mlimani. Angalia maji. Watu wakisikia topesumu (yale mabaki ya mawe yaliyosagwa mgodini) inazamishwa kwenye shimo lenye maji wanadhani uhuni tu, kumbe ina akili yake: mawe yenye salfaidi (madini yenye salfa) yakikutana na hewa na unyevu yanatoa asidi, lakini hewa inapenya maji kwa shida sana, kwa hiyo ukiyazamisha mapema yanatulia. Sasa Butte maji yalikuja yamechelewa. Kuta za shimo na njia za mgodi za chini ya ardhi zilipigwa na hewa miaka na miaka, halafu Aprili 1982 pampu zilizokuwa zinatoa maji mgodini zikazimwa, maji yakapanda yakisomba asidi, shaba, zinki, kila kitu. Shaba ilijaa humo mpaka kuna kipindi walikuwa wanayapitisha maji kwenye vyuma chakavu, shaba inaganda pale wanaivuna, yani maji yenyewe mgodi!

Na bado shimo linapokea mzigo. Kuna mtambo wanatia chokaa kwenye maji kuua asidi, tangu 2019 yaliyosafishwa yanaenda kijito cha Silver Bow Creek, na lile tope linalobaki linarudishwa humohumo shimoni. Kupampu hakuna tarehe ya kuisha, maana maji yakiachiwa yapande sana yatavujia kwenye maji ya ardhini ya mji. Hapo ndo niliguna, bili gani hiyo ya milele.

Nyota moja nimekata kwa ajili ya ndege. 1995 mabata bukini weupe 342 walikufa hapo, 2016 tena wakafa maelfu, siku hizi wanafukuzwa kwa bunduki na droni wasitue.

Msimu wa baridi jukwaa linafungwa so nendeni kiangazi, watoto pia waende tu, ziwa liko mbali kule chini hamna wa kutumbukia.