Mitumba au fundi: nguo chache za kuvaa Dodoma

Ukitaka kabati dogo, nguo chache zinazovalika kwa kubadilishana na bado zikawa na mtindo wako, Dodoma ubishi ni uleule: mitumba au fundi?

Kwa bei mitumba inashinda, hasa ukiwahi belo linapofunguliwa pale soko la Sabasaba. Blauzi ya pamba ya rangi moja, jinzi nyeusi, sweta la baridi ya Juni na Julai: hivyo usimsumbue fundi. Ila kagua kwapa, kola na zipu juani, si chini ya turubai. Doa la jasho likishakaa halitoki kirahisi. Na ukipata suruali inayokukaa, ya pili kama hiyo usiitegemee.

Fundi unamlipia mara mbili, kitambaa na ushonaji, na ile "njoo kesho" yake tunaijua. Lakini nguo inafuata mwili wako. Sketi ya kitenge chenye rangi mbili tu inakubali blauzi zote. Ya rangi saba inadai blauzi yake peke yake. Kitenge cha pamba kiloweke kabla hakijakatwa, kisije kikasinyaa baadaye. Mwambie pia aache akiba kwenye mishono, ukinenepa aitoe.

Kufua ni sawa tu, vumbi letu halichagui. Kahawia inalificha kuliko nyeupe.

Unaanza kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, Jumatatu na mfuko mwepesi? Nunua mitumba, fundi apunguze kiuno. Kama saizi za kawaida hazikukai na muda wa kusubiri unao, anza na fundi.