Nilimwambia gundi tu, akalichuna ngozi kabati langu

Gundi tu. Neno hilo nilimwambia fundi mara tatu siku niliyompelekea kabati, na mara ya nne nikiwa nimeshatoka, nikarudisha kichwa mlangoni. Akaitikia zote nne. Kwa hiyo asije mtu akaniambia hatukuelewana.

Kabati lenyewe, la droo nne, nililipata kwenye soko la vyombo vya mtumba. Mwezi gani sikumbuki, ila mvua ilikuwa imenyesha, maana lilifunikwa turubai na juu yake wamepanga mabeseni. Wanaochakura masoko haya wanaijua ile hali: jicho linaona miguu iliyochongwa ikichungulia chini ya takataka, moyo unaenda mbio, huku uso unajitahidi kuonyesha huna haja nalo. Nikavuta droo ya juu, nikaipindua. Pembeni imeunganishwa kwa yale meno ya mbao yanayoingiana, yaitwayo mkia wa njiwa, na hakuna jino lililolingana na mwenzake, moja nene, moja jembamba. Kazi ya mkono hiyo. Mashine haijui kukosea namna ile. Skrubu zote zilikuwa za mfereji mmoja isipokuwa mbili za msalaba kwenye kitasa, na za msalaba zimeanza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo kuna mtu alishapita hapo baadaye. Matundu ya dumuzi yalikuwepo, kama kumi hivi, lakini nilipogonga hakukudondoka unga mpya. Nyumbani nikagusa mguu wa nyuma kwa pamba yenye spiriti, mng'aro ukaanza kunata. Sheleki, ile vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti! Nililala usingizi wa bibi harusi.

Maradhi yake yalikuwa mawili tu: miguu inacheza, na droo mbili zinakwama. Juu kulikuwa na duara jeupe la kikombe, lakini hilo sikulihesabu. Duara jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya sheleki, haujafika kwenye mbao. Kitambaa chenye spiriti kidogo, mkono mwepesi, linaondoka. Nilipanga kulitoa mwenyewe siku nikiwa na utulivu. Na hilo nalo nilimwambia: juu usiguse.

Nilipokwenda kulichukua nilisikia mashine ya msasa tangu barabarani. Sikushtuka, fundi ana kazi nyingi. Nikaingia. Ilikuwa juu ya kabati langu.

Katikati palishatokea kisiwa. Pembezoni bado ipo ile rangi ya kahawia iliyoiva, mistari yake inakwenda kama maji. Halafu ghafla ukingo, mwembamba kuliko ukucha. Halafu mbao iliyopauka, haina sura, ina mabaka ya gundi ya zamani. Ile sehemu nzuri ilikuwa vinia, utando wa mbao uliogandishwa juu ya mbao ya kawaida, na vinia zilizokatwa kwa mashine mara nyingi hazifiki hata milimita 1. Msasa aliofunga ulikuwa namba 60. Namba 60 ni wa kung'olea rangi ya mlango, jamani. Duara la kikombe lilikuwa limeondoka, ndiyo. Limeondoka na uso wake wote.

Nikamwambia, "Fundi, hapa umefanya nini?"

Hakuzima mashine. Hilo ndilo linalonirudia usiku, wala si vinia. Aliinyanyua kidogo tu, ikaendelea kunguruma hewani kati yetu, akapaza sauti nimsikie: "Dada, hii si mbao, hii ni karatasi. Waliokuuzia wamekupiga." Kisha akairudisha chini, akaendelea. Mimi nimesimama pale! Ilibidi niufuate waya hadi ukutani, nikauchomoa.

Karatasi! Vinia si utapeli. Wamisri wa kale walishaigandisha kwenye samani za wafalme wao. Mbao yenye mistari ya namna ile ukiiacha nene inapenda kujipinda na kupasuka. Ukiipasua nyembamba na kuigandisha kwenye mbao iliyotulia, nayo inatulia. Aliyelitengeneza kabati lile alijua anachofanya kuliko sisi wawili.

Nikafika nyumbani nimeapa kuandika kwamba mtu huyu asipewe hata kigoda. Nikavuta droo, nitafute kosa jingine la kuongezea.

Ikaja kwa kidole kimoja. Nikaisukuma irudi, na droo ya chini yake ikatoka kidogo kwa upepo uliosukumwa ndani. Mwenye kujua droo anajua maana ya hiyo: zimekaa sawasawa, hazina mwanya. Alikuwa ameng'oa reli zilizolika, akaweka vipande vipya vya mbao ngumu, akapaka nta. Na miguu alifungua maungio bila kupasua kitu, maana gundi ile ya zamani, ya ngozi na mifupa, hulainika kwa joto na unyevu, kisha akarudishia gundi ya aina ileile. Nilijua kwa harufu. Msumari hakuna hata mmoja.

Hapo ndipo hasira ilipopanda upya. Angekuwa hajui kazi, ningemsamehe nikasahau. Huyu anajua! Mtu anayechemsha gundi ya mifupa hawezi kuniambia hajawahi kuona vinia. Alishaamua tu kwamba maneno yangu ni kelele za mteja.

Kule juu nimeweka ubao wa meza iliyovunjika miguu, wa soko lilelile. Ulikuwa na rangi ya kijani ya zamani, na rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu (Marekani waliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978), kwa hiyo msasa mkavu haukuukaribia. Nilipaka dawa ya kulainisha rangi, nikakwangua ikiwa mbichi, glavu mkononi na madirisha wazi. Kijani kidogo kimebaki ndani ya mishipa ya mbao, nikakiacha. Kila anayeingia anasifia juu. Hakuna anayevuta droo.

Basi nyota ngapi? Kwa droo, zote tano, na nasema hivyo meno yameumana. Kwa juu, sina namba. Kwa ile mashine iliyonguruma usoni pangu, azirudishe zote tano.

Tatizo ni kwamba nina viti viwili vya miguu inayocheza. Nimezunguka kwa mafundi wengine wawili. Wa kwanza alishika nyundo kabla sijamaliza salamu, wa pili alitaka kuvipaka rangi ya dhahabu. Jana nikampigia yuleyule.

"Fundi, nina viti. Gundi tu."

Kimya, na nyuma yake mashine inanguruma. "Dada wa karatasi?" akauliza.

Nikamwambia azime kwanza hiyo mashine. Akazima.

Viti nitavipeleka. Ila safari hii sitaviacha. Nitakaa palepale kwenye kigoda mpaka gundi ikamate.