Nimeweka Pagefind, programu ya kutafutia, kwenye tovuti yangu ndogo, na "gurudumu" limenitoa jasho

Tovuti yangu ni ya ufundi wa baiskeli: makala 140 na ushee, kurasa za HTML tupu, hakuna hifadhidata. Sehemu ya kutafutia sikuwa nayo. Nilijiambia menyu inatosha, mpaka msomaji mmoja akaniuliza mbona sijawahi kuandika kuhusu breki. Makala za breki zipo kumi na moja.

Nilianza na kisanduku cha bure cha huduma moja hivi. Unabandika mistari miwili ya msimbo, kazi imekwisha. Ila matangazo yalikaa juu ya matokeo yangu mwenyewe, na makala mpya ilichukua siku kadhaa kuonekana humo. Nikaking'oa.

Pagefind ina njia yake. Ukishajenga tovuti, inapitia kurasa zilizo tayari, inatengeneza faharasa (orodha ya maneno na kurasa yalimo) na kuikata vipandevipande. Kivinjari cha msomaji kinavuta vile tu vinavyohusu neno aliloandika. Seva ya kulipia haipo, na mwenye bando la kuungaunga hashushi faharasa nzima. Kuisakinisha ni amri moja, sina la kuongeza.

Niliharibu mwenyewe. Sikutaka maneno ya menyu yaingie kwenye matokeo, nikaweka alama ya data-pagefind-body, inayoonyesha sehemu ya ukurasa ya kutafutiwa, kwenye kiolezo kinachotumika kujenga makala zote. Matokeo yakawa safi, lakini ukurasa wa maswali ukatoweka. Kumbe ukiitumia alama hiyo hata pahali pamoja, kila ukurasa usio nayo unaachwa nje. Jioni nzima iliishia hapo, na maelezo yalikuwa yameandikwa wazi kabisa, mimi ndiye sikusoma.

Sasa Kiswahili. Kuna lugha kadhaa ambazo programu hii inajua kurudisha maneno yake kwenye shina, yetu haimo. Tena inalinganisha neno kuanzia mwanzo: andika "guru", utapata "gurudumu". Hilo linaifaa lugha inayobadilika mkiani. Sisi tunabadilisha kichwani! "Gurudumu" halileti "magurudumu", "mnyororo" hauleti "minyororo", na anayeandika "kaza" haioni makala inayosema "nati ikazwe".

Dawa yangu ni ya kienyeji. Chini ya kila makala, ndani ya alama ileile, nimeongeza mstari wa "Maneno mengine" wenye umoja, wingi na majina ya gereji: mnyororo, minyororo, cheni. Vitenzi nimechagua vichache tu, maana ukifuata minyambuliko yote hulali. Kazi ilinichukua wikendi mbili.

Kwa kurasa zisizobadilika kila saa, naipa nyota nne. Ukiwa na tovuti ambayo watu wanachapisha humo mchana kutwa, tafuta kitu kingine, kwa sababu faharasa hii ni lazima ijengwe upya kila unapoongeza makala.

Yule msomaji wa breki amerudi. Anauliza mbona sina makala ya kengele. Hiyo kweli sina.